VIJANA WA CARLISLE NA MPIRA WAO

1. Shule iliyokuwa kambi

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Pennsylvania, uko mji mdogo uitwao Carlisle. Ukingoni mwa mji huo palikuwa na kambi ya askari ya zamani, na mwaka 1879 kambi hiyo iligeuzwa kuwa shule. Mwanzilishi wake alikuwa afisa wa jeshi, jina lake Richard Henry Pratt. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wenyeji wa asili wa nchi ile, yaani wa makabila yaliyokaa Marekani tangu kale, kabla merikebu za Ulaya hazijafika.

Siku zile vita vya kugombea nchi vilikuwa karibu kwisha. Makabila yalikuwa yameshindwa, na watu wake wamewekwa katika sehemu walizotengewa. Pratt aliwaza ya kuwa watoto wao wakiondolewa kwao, wakapelekwa mbali, wakafundishwa Kiingereza na kazi za mikono, wataweza kukaa sawasawa na watu wengine wa Marekani. Lakini njia aliyoishika ilikuwa ngumu. Mwaka 1892 alisema mbele ya watu kwamba uasili wote ulio ndani ya mtoto sharti uuawe, ili mtu mwenyewe apate kuokoka.

Watoto wa kwanza waliingia Carlisle mwezi wa Oktoba 1879, usiku, baada ya safari ndefu ya gari moshi. Walipata zaidi ya 80, wote wa kabila la Walakota. Wakakatwa nywele zao ndefu, na kwa Walakota kukata nywele ni dalili ya msiba. Wakavuliwa nguo za kwao, wakavikwa nguo kama za askari. Wakakatazwa kusema lugha ya mama zao. Mmoja wao, aliyeitwa kwao Ota Kte, alieleza baadaye jinsi mwalimu alivyoandika majina mengi ubaoni, akawapa watoto fimbo ili kila mmoja aelekeze jina atakalo, naye hata herufi moja hajui. Ota Kte akaelekeza fimbo yake, na tangu siku ile akaitwa Luther.

Wahenga wetu husema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Lakini yuko na mwingine, ambaye hakuiacha asili yake, bali alivuliwa kama mtu avuliwavyo nguo. Huyo tumwiteje? Mlishike swali hili moyoni, maana habari tunayoisoma leo ni ya watoto hao, na ya jibu walilolitoa wao wenyewe katika uwanja wa mpira.

2. Mchezo wenyewe

Kwanza yatupasa kuuelewa mchezo. Mpira wa Marekani si kama huu tuuchezao sisi. Mpira wenyewe si duara, bali una umbo la yai. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja. Mchezaji huuchukua mpira mikononi na kukimbia nao, nao adui humkamata na kumwangusha chini. Akiisha kuanguka, mchezo husimama, watu hujipanga tena, kisha huanza upya kutoka mahali pale. Kila upande hupewa nafasi chache tu za kusonga mbele. Wakishindwa kuupita umbali uliowekwa, mpira huenda kwa wenzao.

Alama hupatikana kwa njia mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa adui. Na kila upande uliofikisha huruhusiwa kupiga teke moja kuongeza alama. Ya pili ni kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya miti miwili ya goli, juu ya mti wa kukingama. Idadi ya alama imebadilika mara nyingi. Kwa mfano, mwaka 1903 kufikisha mpira kulikuwa alama 5, na mwaka 1912 kukawa alama 6.

Katika miaka ya zamani mchezo huu ulikuwa wa nguvu tupu. Vijana walishikana kama ukuta, wakasukumana, wakakanyagana, na wengine walipoteza maisha. Tena ulikuwa mchezo wa wenye vyeo. Waliousifika walikuwa vijana wa vyuo vikuu vikongwe, kama Harvard, Yale, Princeton na Pennsylvania, wana wa matajiri na wa wakubwa wa nchi. Carlisle haikuwa chuo kikuu hata kidogo. Ilikuwa shule ya kufundishia kusoma, useremala, ushonaji na ukulima.

3. Ombi la vijana arobaini

Vijana wa Carlisle waliupenda mpira. Lakini mwaka 1890, walipokuwa wakicheza na chuo cha mjini mle, kijana mmoja alivunjika mguu. Pratt alimtazama akitibiwa, akahuzunika sana, akakataza shule yake isicheze tena na shule za nje.

Yapata mwaka 1893 vijana wapatao arobaini walikwenda ofisini kwake. Walikuwa wamemchagua msemaji wao, ambaye alikuwa hodari katika mijadala ya shule, naye akatoa hoja zao moja baada ya moja kwa adabu. Pratt akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akawajibu kwamba atawaruhusu kwa masharti mawili. Sharti la kwanza: wasimpige mtu ngumi hata kama wamepigwa wao, maana watazamaji wakiwaona wanapigana watasema, “Tazameni, hao ni washenzi tu.” Sharti la pili: kwa muda wa miaka michache wajitahidi hata wawe na nguvu za kuwashinda mabingwa wa nchi nzima.

Vijana wakayakubali yote mawili. Fikirini sharti la kwanza lilivyokuwa zito. Kijana wa Harvard akikasirika uwanjani, watu walisema, “Fulani ana hasira.” Kijana wa Carlisle akikasirika, lawama ingeliangukia kabila lake zima. Kwa hiyo kila mmoja wao alipoingia uwanjani alichukua mabegani mwake watu wengi wasiokuwapo.

4. Mchezo na Yale, 1896

Mwaka 1896 Carlisle walithubutu jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni wazimu. Katika msimu mmoja walikubali kucheza na Princeton, Yale, Harvard na Pennsylvania, wakubwa wanne, wakifuatana katika majuma machache. Walikuwa wachache, tena wengi wao wepesi wa mwili. Karibu michezo yao yote ilikuwa ugenini, wakisafiri kwa gari moshi.

Mwezi wa Oktoba walikutana na Yale mjini New York. Carlisle ndio waliotangulia kupata alama, na watazamaji wakashangaa. Yale wakajikaza, wakafika alama 12 kwa 6. Kisha katika sehemu ya mwisho kijana mmoja wa Carlisle, Jacob Jamison, akaponyoka mikononi mwa walinzi, akakimbia mpaka nyuma ya mstari. Watu wakapiga kelele za furaha. Lakini mwamuzi alikuwa amekwisha kupiga filimbi, akasema mpira ulikuwa umekufa kabla Jamison hajaponyoka. Na jambo la ajabu ni kwamba mwamuzi yule alikuwa ni mwalimu wa mpira wa Carlisle wenyewe, naye zamani alisoma Yale.

Watazamaji walizomea. Wachezaji wa Carlisle wakataka kutoka uwanjani. Ndipo Pratt akashuka kutoka jukwaani, akawasihi wamalize mchezo. Wakarudi, wakacheza hata filimbi ya mwisho, wala hawakumpiga mtu. Hesabu ikabaki 12 kwa 6. Siku ile walishindwa kwa alama, lakini watu wengi wa New York walirudi nyumbani wakiwasifu walioshindwa.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule walikwenda Chicago, wakacheza usiku ndani ya jumba kubwa lililowashwa taa za umeme, jambo ambalo lilikuwa geni siku zile. Wakaishinda Wisconsin alama 18 kwa 8.

5. Mpira uliofichwa, 1903

Mwaka 1899 akaja mwalimu mpya wa mpira, Glenn Warner, ambaye watu walimwita “Pop”. Alikuwa mtu mkali na mwenye hila nyingi. Aliona mara moja kwamba vijana wake hawataweza kuwasukuma watu wazito kwa kifua. Basi wawashinde kwa mbio na kwa akili. Mwaka ule wa kwanza wakawashinda Pennsylvania 16 kwa 5, na sikukuu ya Krismasi walikuwa San Francisco, ng'ambo ya pili ya nchi, wakaishinda California alama 2 kwa 0.

Lakini habari inayosimuliwa zaidi ni ya tarehe 31 Oktoba 1903, walipocheza na Harvard. Kabla ya safari, Warner alimwambia fundi cherehani atie utepe unaovutika katika upindo wa fulana ya Charles Dillon, kijana Mlakota mwenye umbo kubwa. Sababu yake waliijua wachache.

Kipindi cha kwanza kilikwisha Carlisle wakiongoza. Cha pili kikaanza kwa Harvard kuupiga mpira mbali kwa mguu. Mdogo wao, Jimmy Johnson, akaudaka karibu na mstari wa nyuma, na wenzake wakamzunguka kama kuku wanaozunguka mtama. Katika duara lile Johnson akautia mpira ndani ya fulana ya Dillon, mgongoni. Kisha wakatawanyika huku na huku, kila mmoja amejikunyata kana kwamba yeye ndiye mwenye mpira. Harvard wakamkimbilia huyu, wakamwangusha, hana kitu. Wakamkimbilia yule, hana kitu. Huku Dillon anakwenda mbio katikati ya uwanja, mikono yake yote miwili mitupu, na nundu mgongoni. Mtu wa mwisho wa Harvard akampisha, maana hakuona mpira. Watazamaji waliokuwa nyuma wakaiona ile nundu, wakaanza kucheka na kupiga kelele. Lakini Harvard walipotambua, Dillon alikuwa amekwisha kuvuka mstari.

Je, ilikuwa haki? Siku ile sheria haikukataza, baadaye ilikatazwa. Tena, hila ile haikuwatosha. Carlisle waliongoza 11 kwa 0, lakini Harvard wenye wachezaji wengi wa akiba wakarudi kwa nguvu, na mwisho ukawa 12 kwa 11 kwa Harvard. Walipungukiwa alama moja tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani: vijana walirudi Carlisle wakacheka wenyewe habari ya nundu, kisha wakaendelea kujifunza.

6. Mpira unaoruka, 1907

Mwaka 1905 vifo katika mchezo huu vilizidi hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton nyumbani kwake kuwaonya. Mwaka 1906 sheria zikabadilishwa. Badiliko lililokuwa kubwa ni hili: mchezaji aliruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono, mwenzake audake. Vyuo vingi viliidharau njia hiyo. Walisema mtu mwenye nguvu hana haja ya kurusha.

Carlisle hawakuidharau. Vijana wake walijizoeza kuurusha mpira ukizunguka kama mkuki unaokwenda sawa. Tarehe 26 Oktoba 1907 waliingia uwanja wa Pennsylvania mjini Philadelphia, mbele ya watu zaidi ya 20,000. Pennsylvania walikuwa hawajashindwa mwaka ule. Mara Pete Hauser akaurusha mpira mbali, yapata yadi 40, na William Gardner, aliyekuwa akikimbia upesi, akaudaka. Walinzi wa Pennsylvania hawakujua wafanye nini. Wakisogea mbele kuzuia mbio, mpira huwapita juu. Wakirudi nyuma kuulinda mpira wa juu, Carlisle hupita chini kwa mbio. Mwisho wake Carlisle 26, Pennsylvania 6.

Majuma mawili baadaye wakakutana na Harvard. Tangu 1896 walikuwa wamecheza nao mara nyingi wasiwashinde hata mara moja. Safari hii Frank Mount Pleasant na wenzake wakacheza kama upepo, wakawashinda 23 kwa 15. Mwaka ule walicheza michezo 11, wakashinda 10. Na leo, mpira wa Marekani uchezwapo mbele ya maelfu ya watu, jambo wanalolipenda zaidi ni mpira ule unaoruka. Vijana wa Carlisle ni katika waliowafundisha Wamarekani uzuri wake.

7. Mguu wa Jim Thorpe, 1911

Katika shule hiyo alikuwako kijana wa kabila la Wasac na Wafox, jina lake la kwao Wa-Tho-Huk, maana yake Njia Yenye Nuru. Shuleni waliandika Jim Thorpe. Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1907 alipita penye uwanja naye amevaa nguo za kazi, akawaona wenzake wanashindwa kuruka mti wa juu. Akaomba ajaribu. Akauruka, akaenda zake. Warner alipopata habari akamwita.

Tarehe 11 Novemba 1911 Carlisle walikwenda Harvard tena. Mguu wa Thorpe ulikuwa umeumia, ukafungwa kwa vitambaa vingi. Mwalimu mkuu wa mpira wa Harvard aliwaweka kwanza wachezaji wake wa akiba, akidhani watatosha. Thorpe akaupiga mpira kwa mguu ule ule mbovu, ukapita kati ya miti. Akaupiga tena, na tena. Harvard wakaingiza mabingwa wao. Mwishoni Carlisle wakafika mahali penye umbali wa yadi 48 kutoka golini. Thorpe akasimama na maumivu yake, akapiga. Mpira ukapita katikati. Alama 18 kwa 15. Na katika hizo 18, alama 12 zilitoka katika mguu wake, mateke manne, kila moja alama 3.

Lakini sikilizeni na haya. Juma lililofuata wakacheza na Syracuse, ambao hawakuwa na sifa kubwa kama Harvard, wakashindwa 12 kwa 11. Ndio mchezo pekee waliopoteza mwaka ule. Aliyemshinda simba asiisahau miiba.

8. Siku ya West Point, 1912

Wakati wa kiangazi mwaka 1912 Thorpe alikwenda Stockholm katika michezo ya Olimpiki, akawa wa kwanza katika mashindano mawili makubwa, lile la michezo mitano na lile la michezo kumi. Mwenzake wa Carlisle, Louis Tewanima wa kabila la Wahopi, akawa wa pili katika mbio za mita 10,000.

Waliporudi, mchezo uliongojewa kuliko yote ulikuwa wa tarehe 9 Novemba 1912. Carlisle walikwenda West Point, chuo ambacho jeshi la Marekani hufundishia maafisa wake. Hapa nawaomba, wanafunzi, mtulie kidogo mfikiri. Tarehe 29 Desemba 1890, mahali paitwapo Wounded Knee, askari wa jeshi la Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 200, waume, wake na watoto. Tangu siku ile haikupita hata miaka 22. Sasa wana wa makabila yale walisimama mbele ya vijana waliokuwa wakifundishwa kuwa maafisa wa jeshi lile lile. Uwanja ni mmoja, sheria ni moja, na idadi ni sawa, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

Carlisle walikuja na mpango mpya wa kujipanga, wachezaji wawili wakisimama pembeni kama mabawa, hata adui asijue mpira utatokea wapi. Gus Welch, kijana Mwojibwe, ndiye aliyeongoza. Thorpe alivuta walinzi kwake, na Alex Arcasa akapata njia. Mmoja wa vijana wa jeshi waliojaribu kumzuia Thorpe alikuwa Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa jemadari mkuu katika vita vya pili vya dunia, na Rais wa Marekani tangu 1953 hata 1961.

Jeshi walipata alama 6 za kwanza, kisha hawakupata tena. Mchezo ulipokuwa ukiwaelemea, kapteni wao alimshambulia Joe Guyon wa Carlisle, akatolewa uwanjani. Kumbukeni sharti la kwanza la Pratt. Kumbe hata kapteni wa maafisa alishindwa kulishika sharti kama lile. Arcasa akaufikisha mpira mara tatu. Mwisho ukawa Carlisle 27, Jeshi 6.

9. Fedha na mwisho wa shule

Ingalikuwa vyema kuikomesha habari hapa, penye vigelegele. Lakini mwalimu anayeficha nusu ya habari amefundisha uongo.

Michezo ile ilileta fedha nyingi za viingilio. Fedha hizo ziliwekwa katika sanduku la michezo, na watoto wengine wa shule hawakuona faida yake. Chakula kilikuwa haba, na adhabu zilikuwa kali. Basi Gus Welch, yule yule aliyeongoza West Point, akawa mmoja wa walioanzisha barua ya malalamiko, wanafunzi wengi wakaitia sahihi, ikapelekwa kwa wakubwa wa nchi. Mwaka 1914 wajumbe wa Bunge la Marekani wakaja Carlisle, wakawauliza wanafunzi na walimu. Ikaonekana kwamba fedha za michezo hazikutumiwa sawasawa. Mkuu wa shule akaondolewa, na Warner naye akaacha kazi, akaenda Pittsburgh. Welch alionyesha ushujaa pale kuliko siku ya mchezo, maana kumkabili adui uwanjani ni rahisi kuliko kusema kweli mbele ya wenye mamlaka juu yako.

Thorpe naye alipata msiba. Mwaka 1913 ilijulikana kwamba zamani kidogo aliwahi kulipwa fedha chache kwa kucheza mchezo mwingine wa mpira, naye akanyang'anywa nishani zake za Olimpiki. Alikufa mwaka 1953 bila kuzirudishiwa. Mwaka 1983 jamaa zake walipewa nishani nyingine badala ya zile, na mwaka 2022 wakubwa wa Olimpiki wakaandika tena kwamba yeye peke yake ndiye mshindi wa michezo ile miwili. Haki ilikawia miaka 109.

Shule ya Carlisle ilifungwa mwaka 1918, majengo yakawa hospitali ya askari. Kwa hesabu iliyoandikwa, vijana wake walishinda michezo 167, wakashindwa 88, wakatoka sare 13. Na yako makaburi. Watoto wapatao 180 walizikwa shuleni hapo, wengi kwa maradhi ya kifua, mbali na mama zao. Tangu mwaka 2017 jeshi limeanza kuwarudisha watoto hao kwa makabila yao, na wa kwanza kurudi walikuwa wa Waarapaho. Mwezi wa Oktoba 2024 Rais wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, aliomba radhi mbele ya watu kwa ajili ya shule za namna hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka huo mahali pale pa Carlisle pakatangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa.

10. Jibu la vijana

Sasa turudie swali letu la mwanzo. Watoto wale walinyimwa majina, nywele na lugha. Wakapewa mpira, mchezo wa watu waliowashinda baba zao, ili wafanane na watu hao. Nao wakaupokea, lakini hawakuucheza kama walivyoupokea. Waliutia mbio na werevu, wakaurusha juu, wakaubadilisha hata wenyewe wakaja kujifunza kwao. Walikusanyika uwanjani Walakota, Waojibwe, Wahopi na Waseneca, makabila yasiyojuana hapo kwanza, wakawa ndugu. Umoja ule haukuandikwa katika mpango wa mtu yeyote. Ulikuwa wao.

Hatusemi kwamba ushindi wa mpira ulilipa machozi ya mama mmoja, haukulipa. Makaburi 180 hayapimwi kwa alama 27. Lakini twasema kwamba mtu aweza kuvuliwa vitu vingi vya nje, na bado likabaki ndani yake jambo ambalo mwingine hawezi kulichukua, ila yeye mwenyewe alitupe. Basi, mtumwa si yule aliyevuliwa. Mtumwa ni yule aliyekubali ya kwamba alichovuliwa hakikuwa na thamani. Vijana wa Carlisle hawakukubali.

Nanyi mtakapotoka leo jioni kwenda uwanjani, mkumbuke mambo matatu: msimpige mtu kwa hasira, msimdharau mwenye mwili mdogo wala shule ndogo, na mkishindwa kwa alama moja, mrudi kesho mjifunze tena.

Maswali

1. Kwa nini watoto walikatwa nywele walipofika Carlisle, na jambo hilo lilikuwa na maana gani kwa Walakota?
2. Taja masharti mawili ya Pratt. Kwa nini sharti la kwanza lilikuwa zito kwa vijana wale kuliko kwa wengine?
3. Eleza jinsi mpira ulivyofichwa mwaka 1903. Je, wewe waiona kuwa ni hila ya haki? Toa sababu zako.
4. Sheria mpya ya 1906 iliwafaidiaje Carlisle?
5. Kwa nini mchezo wa West Point haukuwa mchezo tu?
6. Mwandishi asema Gus Welch alionyesha ushujaa mwaka 1914 kuliko 1912. Wakubali? Andika mistari kumi.
7. Eleza kwa maneno yako maana ya methali, “Mwacha asili ni mtumwa,” kwa mujibu wa habari hii.